Sekunde Tano za Gitaa la Baba

Nyumbani kwetu Nachingwea redio iliruhusiwa kuimba nyimbo zote isipokuwa mmoja. Huo ukianza, baba anaacha alichoshika, anakuja, anazima. Akiona muda wa wimbo umepita anawasha tena, anarudi kwenye sahani yake. Sisi watoto tulizoea, tukadhani kila nyumba ina wimbo wake wa kuzima.

Na wimbo wenyewe ulikuwa wake. Kabla sijazaliwa alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi moja ya hapo mjini, wakati ule ambapo kila bendi, hata ya magitaa matatu na tumba, ilijiita jazi. Gari la kurekodia la redio lilipita, likawarekodi nyimbo chache, na huo mmoja ukabaki ukipigwa mpaka miaka ya tisini kwenye kipindi cha nyimbo za zamani, Jumapili mchana. Mtu mwingine angetembea kifua mbele mtaani. Baba yangu alizima redio, na gitaa hakuwa nalo tena.

Mama alikuwa na maelezo yake. Alituambia jikoni, kwa kunong'ona, kwamba wimbo ule una mwanamke ndani yake. "Wa Masasi," alikuwa akisema, kana kwamba walishawahi kugombania maji kisimani. Hakuwahi kumwona. Lakini kila baba alipozima redio, siku hiyo mboga ilizidi chumvi, na tulikula hivyo hivyo.

Mimi ni mkaidi, nasema mwenyewe kabla hawajanisemea wengine. Kitu nikikatazwa bila kuelezwa sababu, ndipo ninapokitaka. Jumapili moja baba akiwa shambani na mama msibani, nikatumbukiza kanda kwenye redio kaseti, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikaurekodi wimbo wote. Katikati anasikika jogoo wetu. Kanda nikaificha chini ya sanduku la nguo, na nilipoolewa nikaondoka nayo. Sikuwa naisikiliza sana. Nilitaka tu mikono ya baba iwepo mahali.

Sasa shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Huyo ni binamu yangu, na binamu kwetu ni mtani. Alikuwa akiniita "mke wangu" mbele ya mume wangu, na mume wangu anacheka kwa sababu hana la kufanya. Miaka ya elfu mbili ilipoingia alihamia Ruangwa, akapanga chumba nyuma ya soko, akaweka kompyuta ya mtumba, spika mbili na trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, akajiita prodyuza. Aliwatengenezea midundo vijana waliotoka kuchimba dhahabu Namungo na waliodhani wamezaliwa kuchana mistari ya rap. Jenereta likizima, na yeye anazima.

Siku moja alipita kwangu, mimi nikiwa kwenye cherehani, akaanza kunieleza kazi yake. Alisema wenzake wa Dar siku hizi wanarudi kwenye jazi za zamani. Unachukua wimbo wa wazee, unatafuta kipande kitamu, unakikata, unakizungusha kijirudie mwanzo mpaka mwisho, unaweka ngoma nzito chini yake, msanii anachana juu. Shida ni moja, akasema: bendi zile zilipiga wote kwa pamoja, hakuna nafasi. Unatakiwa upate mahali ambapo chombo kimoja kimeachwa peke yake, na mahali hapo huwa hapapatikani. Mdomo wangu huu ukamwambia nina kanda, akaondoka nayo.

Alirudi baada ya wiki mbili, anacheka peke yake. Alikuwa amepapata. Katikati ya wimbo tumba zinanyamaza, besi inanyamaza, linabaki gitaa la baba tu kwa sekunde tano. Linapanda, linayumba, unadhani linaanguka, halafu linajishika na kushuka taratibu. Yeye alikuwa amezichukua sekunde hizo na kuzizungusha. Nilisikiliza kwa spika za masikioni nikiwa nimeshika suruali ya mteja, nikalia. Sifichi, nililia kwa raha.

Wimbo ukatoka, ukapita mikononi mwa watu kwa CD na kanda, ukafika Namungo, na huko kwenye mechi za mpira hata kabla timu hazijaingia uwanjani spika zilikuwa zinaupiga. Sikujua uliwafikia vipi, lakini mpaka wateja wangu waliuimba. Hapo ndipo akili ikanirudia. Baba.

Tena ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Binamu alikuwa amepata msichana Nambilanje, na ameshikwa haswa, anakonda. Kwetu sisi watu wa huku mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba mzazi anaweza kukaa pembeni na kikombe chake cha chai. Mjomba asipokaa mkekani hakuna posa. Na mjomba mwenyewe ni baba yangu. Baba akikasirika hagombi. Ananyanyuka, anaondoka, na hasemi nawe tena. Kuna jirani alimkosea nikiwa darasa la tatu, salamu yake haikuitikiwa mpaka siku tuliyomzika. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: baba akiusikia wimbo siku ya posa akanyanyuka, binamu hana mke, na mimi sina baba.

Kwa nini hatukumwambia mapema? Kwa sababu ya woga. Kila asubuhi nilisema leo, na kila jioni nilisema kesho.

Siku ikafika. Binamu alikuwa ameshazunguka soko la Ruangwa kibanda kwa kibanda akiomba wasiupige wimbo wake mpaka tutakapopita kwenda Nambilanje. Fikiria prodyuza anaomba wimbo wake usipigwe. Wakamwelewa, tena kwa utani mwingi, na soko zima likawa linajua siri isipokuwa baba, aliyekatiza katikati yake na kanzu yake ya posa akiitikia shikamoo. Kinyozi mmoja akajisahau. Spika yake ikatoa mlio wa kwanza tu wa gitaa, nikashikwa na kikohozi. Nilikohoa, nikainama, nikakohoa tena mpaka kinyozi alipozima. Baba akanitazama kwa huruma, akaniambia nikirudi nikapime kifua.

Tulipofika Nambilanje nikashusha pumzi. Hakuna kibanda cha muziki, hakuna spika, ufuta tu umesimamishwa kwenye vichanja na kuku wanapita chini yake. Tukakaribishwa. Baba mkekani, mbele yake mjomba wa msichana, mzee mnene mwenye sauti ya upole. Binamu nyuma kidogo, amejikunyata. Mimi upande wa wanawake. Baba akaanza kueleza ukoo wetu ulikotoka, jambo analolijua vizuri na asilolifupisha. Nyuma ya nyumba wasichana watatu walikuwa wanatwanga muhogo kwenye kinu kimoja, kwa zamu, pu, pu, pu. Nilianza hata kusinzia.

Halafu wakaanza kuimba. Hawakuimba maneno. Walikuwa wanaimba gitaa. Kwa midomo yao walikuwa wanalipandisha, wanaliyumbisha, wanalishusha, na mchi unaanguka pale pale ulipotakiwa kuanguka. Kumbe kuna redio kaseti za betri, na wimbo ulitutangulia.

Baba akakatisha sentensi katikati. Binamu alinitazama, mimi nikatazama mkeka. Wenyeji walisubiri, wakidhani mgeni anatafuta neno. Baba akanyanyuka.

Nikajua ndiyo basi. Lakini hakushika njia. Alizunguka nyumba, akaelekea kwenye kinu, na sisi sote, wenyeji na wageni, tukamfuata kama kuku. Wasichana waliposhtuka na kumwamkia aliitikia vizuri, akawauliza wanaimba nini. Wakasema wimbo tu. Akawaomba waurudie. Wakatazamana, wakarudia, kwanza kwa aibu, halafu mchi ukawatoa aibu.

Baba akasema taratibu, "Hapo nilikosea."

Hakuna aliyeelewa. Ndipo akatueleza, amesimama vile vile na kanzu yake, mambo ambayo mimi mtoto wake sikuwahi kuyasikia. Lile gari la redio lilikuwa na haraka, kila wimbo mara moja tu. Katikati vidole vyake viliteleza, akapotea. Wenzake wakashtuka, tumba zikasimama, besi ikasimama, akabaki peke yake anatafuta njia ya kurudi, na akaipata, wakaendelea. Kiongozi wa bendi alimwambia mbele ya watu kwamba amewazika wote. Wiki iliyofuata akauza gitaa. Tangu hapo kila redio ilipoanza ule wimbo alijiona anakwenda tena pale pale, na hawezi kujizuia, na nchi nzima inasikiliza. Ndiyo maana anazima.

Nilisimama pale nikiwaza mboga zote zile za chumvi.

Mjomba wa msichana alikuwa amekunja uso kwa kufikiri. Akasema yeye hasikii kosa lolote, amekosea wapi? Baba akasema lilitakiwa liende hivi, akaliimba gitaa kwa mdomo, sawasawa, jinsi alivyokuwa amelifanyia mazoezi ujanani. Lilikuwa zuri. Lilikwenda moja kwa moja bila kuyumba.

Msichana mmoja, mdogo kuliko wenzake, akatingisha kichwa.

"Hapana babu," akasema. "Unakosea. Linakwenda hivi."

Akamwonyesha, mchi mkononi, kwa uvumilivu wa mwalimu wa darasa la kwanza. Baba akarudia lake. Safari hii walisema wote watatu, hapana, siyo. Akarudia la tatu, wakamsahihisha la tatu, na mmoja akamwambia asione haya, hata kaka yake ilimchukua muda kulishika.

Baba akawatazama. Halafu akacheka. Sijawahi kumsikia baba akicheka vile. Alishika ukuta wa nyumba ya watu, mabega yanatikisika, machozi yanatoka. Na mimi nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Binamu ndiye aliyepiga magoti. Akamwambia mjomba wake kwamba ni yeye aliyeukata wimbo bila ruhusa, amsamehe. Baba akamuuliza kwa nini katika wimbo wote alichagua pale. Binamu akajibu kwamba ndipo mahali pekee ambapo gitaa lilikuwa peke yake. Baba akasema ni kweli, lilikuwa peke yake kabisa. Kisha akauliza kanda ilitoka wapi. Nikanyoosha kidole juu kama mwanafunzi.

"Ndiyo maana ulikuwa unakohoa," akasema, akarudi mkekani.

Posa ilikubaliwa kabla ukoo wetu haujamalizika kuelezwa. Mwenyeji alisema ameshasikia ya kutosha.

Nyumbani nilimfuata mama jikoni, nikamweleza yote kuanzia kanda. Alikuwa amesimama na mwiko. Akavuta kigoda, akaketi.

"Kumbe hakuna wa Masasi?"

Nikamwambia hakuna, ni vidole tu viliteleza. Alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ameshamlaani yule mwanamke kwa miaka yote hiyo, na sasa laana zote zile zimekwenda kwa nani? Alikuwa anaona aibu na anafurahi, vyote kwa pamoja, na sura yake ilikuwa imelainika kabisa. Jioni ile tulikula kuku. Chumvi ilikuwa sawa.

Binamu akaomba kitu kimoja kwa harusi yake: mjomba apige zile sekunde tano yeye mwenyewe, mbele ya watu. Baba alikataa siku mbili. Siku ya tatu, yeye mzee wa swala tano, akapanda baiskeli mpaka Mnero, akaazima gitaa la kwaya ya kanisani, akarudi nalo limefungwa kwenye shuka.

Wiki nzima, kila alasiri, alikaa barazani akijifunza kukosea. Lilikuwa jambo gumu. Vidole vyake vilikuwa na miaka thelathini ya kujutia, na kila vikifika pale vilikwenda mahali sahihi vyenyewe. Mimi nilimwimbia kama walivyoimba wale wasichana, yeye anafuata, anafika, anapatia, anatukana kwa Kimwera, anaanza upya. Mama alikuwa anachambua mchele karibu yake, karibu kuliko nilivyozoea kuwaona, kichwa chini, masikio juu.

Baba akapiga tena, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kuyumba hata kidogo. Akamtazama mama.

"Bado," mama akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Hujakosea vizuri. Rudia."