Kutoka Kati Hadi Kati

Restuta wa Chonyonyo alikuwa na miaka thelathini na minane, watoto watatu, na fizikia iliyokwisha kumgomea mara mbili. Kemia alifaulu, baiolojia alifaulu, lakini chuo cha uuguzi kilitaka na fizikia. Mwaka huu angefanya tena mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na alikuwa ameapa kuwa ndio wa mwisho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, ila mgongo nao huchoka.

Swali moja lilimsumbua siku tatu. Matufe mawili, kila moja kilo mia na nusukipenyo cha nusu mita, yameachana mita moja. Yanavutana kwa nguvu gani? Kila alipokokotoa, jibu lake lilizidi la kitabu mara nne. Alipima umbali jinsi vibanja, mashamba ya migomba, vinavyopimwa huku: mpaka wa huyu hadi mpaka wa yule.

Hata hivyo wazo lenyewe alilipenda mno. Kila kitu huvuta kila kitu! Asubuhi ile, kibanja kikiwa kimejaa ukungu, aliiona migomba ikivutana taratibu, mbuni wa kahawa na jiwe, kilima na kilima hadi ng'ambo ya Mto Kagera, kila kimoja kikimwambia mwenzake njoo.

"Mama Jovin, umelala umesimama?" Mumewe, Eliud, alikuwa akipima mashimo ya migomba mipya kutoka kwenye mgomba wa zamani, naye Restuta amemshikia ncha ya kamba. "Kamba umeiweka ukingoni mwa mgomba! Ukingo huhama mgomba ukinenepa. Pima kati hadi kati."

Restuta aliduwaa. Nusu, moja, na nusu: mita mbili! Mbili mara mbili ni nne, na nguvu hugawanywa kwa hiyo nne. Aliacha kamba, akakimbilia daftari ndani. Jibu likakubali. Alicheka, kisha akalia kwa furaha, peke yake.

Aliporudi alimweleza mumewe kila kitu. "Hata mimi na wewe tunavutana, Baba Jovin. Kidogo sana, hata chembe ya unga hainyanyuki."

Eliud alichukua jembe akaanza kuchimba. Chuo kilikuwa mbali, na miaka mitatu si siku tatu.

"Na ukienda huko?"

Restuta hakutaka kumdanganya.

"Inapungua. Haiishi."

Eliud aliendelea kuchimba bila kuinua uso. "Wakikuuliza hilo kwenye mtihani," alisema, "wajibu hivyohivyo."