Mabega Mawili Chini

Mume wangu, Teofili, alijifunza mieleka kambini JKT Chita, ikamfikisha Olimpiki. Huko, ukimlaza mwenzako na mabega yake mawili yakagusa mkeka, mwamuzi anapuliza filimbi, mnasimama, mnapeana mikono. Aliporudi Ifakara hakuna aliyetaka habari za mieleka. Akaja promota, akamtia kwenye mapambano ya kulipwa, ya ngumi na mateke, ambako mtu anapigwa hata akiwa amelala.

Pambano la kwanza, dakika haijaisha, alimbwaga mwenzake chali. Mabega yote mawili chini. Basi akamwachia, akainuka, akamnyooshea mkono. Yule akamrushia teke palepale alipolala, taya la mume wangu likavunjika. Ukumbi mzima ukacheka.

Mpaka leo hapa Kibaoni wanaitazama video ya pambano lile kwenye simu na kucheka, hata wale wanaompa shikamoo.

Na mimi sijitoi. Siku ile hospitalini nilimfokea: "Baba Beno, una akili kweli? Kwa nini ulimwachia?"

Taya lilikuwa limefungwa waya. Akachukua kalamu, akaniandikia kiganjani: "Alikuwa ameshaanguka."