Mguu Uliotangulia Mkono

Mwezi wa kwanza mwaka juzi nilichomwa mara kumi na tano na mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Mimi sikumgusa hata mara moja.

Kumi na tano kwa sifuri. Na mwenye miguu miwili mizima ni mimi.

Ngoja niwasimulie ilivyokuwa, maana mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile masikio yanapata moto.

Naitwa Emőke. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba, na binti yetu Boróka alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mchana nilipanga mikate kiwandani. Jioni mbili kwa wiki nilisoma shule ya watu wazima. Muda uliobaki nilikuwa ukumbini, nacheza upanga.

Si upanga wa kukatana. Ni ule mwembamba wenye waya ndani. Ncha ikimgusa mwenzio popote, kuanzia kinyago mpaka kidole cha mguu, taa inawaka. Mkigusana kwa pamoja zinawaka taa mbili, kila mtu anachukua pointi yake.

Hapa kwetu Szombathely nilianza nikiwa na miaka tisa. Nikiwa na ishirini na tatu nikaingia timu ya wanawake ya klabu. Halafu ikaja mimba, nafasi ikaenda.

Timu ina watu wanne. Watatu walishajulikana. Nafasi ya nne, Mwalimu Bodor alisema itapiganiwa mwezi wa tatu kati yangu na Gyöngyi, msichana wa miaka kumi na saba. Atakayeshinda anakwenda Budapest kwenye mashindano ya vilabu.

"Na nikishindwa, Mwalimu?"

Alikuwa anakaza skrubu ya upanga, hata hakuinua macho.

"Ukishindwa nakupeleka kundi la Jumatano."

Kundi la Jumatano ni la wahasibu na madaktari wa meno wanaokuja kupunguza vitambi. Watu wazuri sana, wanaleta keki. Lakini sijawahi kuona mtu aliyeingia kule akatoka.

Basi nikaanza kuomba Mungu. Maana ugonjwa wangu niliujua.

Mguu wangu wa kulia una kiherehere.

Ukishambulia, mkono ndio unaotangulia. Unaunyoosha, ncha inakwenda, ndipo mguu unaufuata kwa ile hatua ndefu ya mwisho. Mguu ukitangulia umejipeleka mwenyewe. Mwili umeshafika kwa mwenzio, mkono bado uko kwako umekunjwa. Yeye hana kazi, ananyoosha tu, anakuchoma kifundo cha mkono.

"Mkono ubishe hodi, mguu ufuate," Mwalimu alikuwa anasema. "Wewe unaingia mpaka sebuleni na viatu vyako, halafu ndio unabisha hodi."

Ukumbi mzima unacheka. Gyöngyi ndiye anayecheka zaidi.

"Mwacheni shangazi," anasema. "Ana haraka, ameacha maziwa jikoni."

"Shangazi yako yuko kwenu," namjibu. "Mimi nina ishirini na saba."

Nilijaribu kila kitu. Nilifanya hatua polepole mbele ya kioo. Nilimwambia mume wangu, Ábel, aangushe glovu niidake kabla haijafika sakafuni. Hatua ikitoka polepole ni safi kama maji. Nikiwekewa mtu mbele yangu, mguu unaruka. Nausikia unakita sakafuni, pa, na mkono haujaondoka.

Ni mguu wangu. Naulisha mwenyewe. Na haunisikii.

Ndipo siku hiyo ya mwezi wa kwanza nikamkuta Mwalimu amefunga viti viwili vya magurudumu kwenye fremu ya chuma. Vinatazamana, vimebanwa, haviendi mbele wala nyuma. Kimoja amekaa Ilka. Ilka ni dada wa miaka arobaini na kitu, anafanya kazi posta, miguu yake haijawahi kumbeba tangu utotoni. Anacheza upanga wa viti, na wanaomjua wanamwogopa.

"Kaa," Mwalimu akaniambia.

"Mwalimu, mimi natembea."

"Ndio tatizo lenyewe. Kaa."

Nikakaa. Ilka akanitazama kupitia wavu wa kinyago.

"Shika kiti kwa mkono wa kushoto, binti. Usije ukaanguka ukasema nimekusukuma."

Sheria ya viti ni ndogo. Makalio yasiachane na kiti. Basi.

Nikaona huyu nitammaliza haraka. Nikashambulia.

"Umeinuka," akasema Mwalimu.

Kweli, nilikuwa nimeinuka. Miguu ilisukuma yenyewe, haikuniuliza. Na ncha ya Ilka ilikuwa imeshatua kwenye kifundo changu.

Nikashambulia tena.

"Umeinuka."

Tena.

"Emőke, unakwenda wapi? Basi limeshaondoka."

Jamani, sijawahi kujiona mnyonge kama siku hiyo. Ukisimama unaweza kurudi nyuma, ukapumua, ukajipanga. Kwenye kiti hakuna nyuma. Mtu yuko palepale, umbali wa mkono, anakuchoma. Unaona upanga unakuja na huna pa kuupeleka mwili wako.

Ilipofika kumi na moja nilianza kulia. Uzuri wa kinyago hakuna anayeona.

Ilka aliona.

"Unalia?"

"Jasho."

"Haya. Jasho lako lina kamasi."

Akanimalizia nne zilizobaki bila huruma. Kisha akavua glovu, akanipa mkono, kama tunavyofanya siku zote, hata ukimchukia mtu.

"Miguu yako inapayuka," akaniambia. "Mkono haujapanga neno, miguu imeshaitoa siri. Mimi sina wa kunisaliti. Njoo Ijumaa."

Nikaenda Ijumaa. Na Jumanne. Wiki saba.

Wiki ya pili nilikula kumi na tano kwa mbili. Wiki ya nne, kumi na tano kwa tisa. Kidogo kidogo nikaanza kuelewa kitu ambacho miaka kumi na minane ya kurukaruka haikunifundisha. Ukiwa huna miguu, mkono unalazimika kusema ukweli. Unanyoosha taratibu, vidole ndivyo vinavyopeleka ncha, bega limetulia. Na unaweza kuubakiza mkono njiani, umsubiri mwenzio akosee.

Wiki ya tano Mwalimu akanitoa kitini, akanisimamisha. Akanigeuzia mgongo.

"Shambulia ukuta. Mimi nasikiliza."

Nikashambulia.

"Nimesikia mguu. Mkono uko wapi?"

Nikarudia. Hatua ndogo, hatua ndogo, mkono, ndipo mguu. Kisigino kikatua kimya.

Akaendelea kutega sikio.

"Umeshashambulia?" akauliza.

Nikajua nimepona. Au nilidhani.

Jumamosi ya mchuano Ábel alikuja na Boróka, wakakaa kwenye benchi la ukutani wanakula mkate na vitunguu. Ilka alikuwa upande wa pili, mikono kifuani. Mwalimu mwenyewe ndiye mwamuzi.

Tukapigiana saluti. Gyöngyi akasema kwa sauti ya chini, "Polepole na mgongo, shangazi."

Nilianza vizuri, tatu kwa moja. Kisha nikaona nafasi, tamaa ikanishika, na mguu ukaruka. Pa. Taa yake.

Tena, pa. Taa yake.

Wiki saba zote zikayeyuka. Nilijisikia kama mtu anayemwita mtoto aliyekimbilia barabarani, anaita, anaita, na mtoto hageuki. Nane kwa kumi na mbili. Nikatazama kule kwa Ilka. Hakunisaidia kwa lolote. Alikuwa ameshika tu kiti chake kwa mkono wa kushoto.

Nikajiambia, Emőke, huna miguu. Imeondoka. Umekaa.

Hatua ndogo, hatua ndogo. Nikaunyoosha mkono na kuuacha hewani. Gyöngyi akaufuata kwa upanga wake kuupangua, nikauzungusha wangu kwa vidole tu, ndipo nikauruhusu mguu. Taa yangu.

Tisa. Kumi. Moja yake. Kumi na moja, kumi na mbili. Moja yake tena. Kumi na tatu. Ya kumi na nne nilimchoma begani, na naapa sikusikia kisigino changu kikitua.

Kumi na nne kwa kumi na nne.

Mchuano unaisha kwenye kumi na tano, kwa hiyo hapo mkigusana pamoja haihesabiki. Tukagusana pamoja. Haihesabiki. Tukagusana tena. Haihesabiki.

Mara ya tatu mwili ulikataa. Nilitaka kushambulia na sikuweza. Mkono mzito, miguu imeganda, kinyago kimejaa pumzi yangu. Nikasimama pale kama nguzo. Nikawaza kundi la Jumatano na keki zao.

Gyöngyi akaja.

Kabla sijauona upanga wake nikasikia sakafu. Pa.

Mguu wake ulikuwa umeshatua na mkono bado umekunjwa, kiwiko kimetoka nje, bega la kushoto limepanda kuelekea sikioni. Nikanyoosha mkono. Basi, hiyo tu. Ncha ikakaa kwenye kifundo chake.

Taa moja. Yangu.

Ábel akapiga kelele. Boróka akalia kwa kelele za baba yake. Mimi sikushangilia, maana shambulio lile nililijua. Kiwiko kile, bega lile. Ábel amewahi kunirekodi kwa simu, nikajitazama mpaka nikachoka.

Yule aliyekuja kunishambulia alikuwa mimi.

Tukapeana mikono. Mwalimu akamgeukia Gyöngyi.

"Mguu umetangulia. Tena. Miaka saba nakwambia neno moja. Ulijifunzia wapi huu upuuzi?"

Gyöngyi hakulia. Alivua kinyago, nywele zimeganda kwenye paji la uso, akanionyesha kwa kidevu.

"Kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa Emőke. Nilipokuwa na miaka kumi mama alikuwa anachelewa kunichukua. Nilikuwa nakaa pale kwenye benchi namtazama akifanya mazoezi. Nikifika nyumbani nafanya mbele ya kioo cha kabati. Hata bega nililipandisha makusudi. Nilidhani ndio ufundi wenyewe."

Hakuna aliyecheka.

Akachukua mfuko wake akaenda chumba cha kubadilishia nguo.

Nilimfuata Mwalimu huku waya bado umening'inia mgongoni.

"Mpe yeye nafasi," nikamwambia.

"Nafasi si mkate, haimegwi. Umeshinda."

"Nimemshinda kwa kosa nililompa mimi mwenyewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini basi ulinikalisha mimi kitini na yeye hukumkalisha?"

Akakaa kwenye benchi. Niliona ghafla jinsi alivyozeeka.

"Nilimkalisha. Mwaka mzima, wewe ukiwa na mimba na baada ya kujifungua. Muulize Ilka. Kasoro haikutoka." Akasugua goti lake. "Yako ilikuwa mazoea, Emőke. Mazoea yanatoka kwa jasho. Ya yule mtoto ni mapenzi. Sina dawa ya hiyo."

Nikaenda chumbani. Gyöngyi alikuwa anafungua viatu, na sasa ndio alikuwa analia, kimya kimya, anavuta kamba iliyojifunga fundo.

Nikapiga magoti nikamfungulia fundo. Mtu unamwomba vipi msamaha kwa kitu ulichomfundisha bila kujua kwamba anakutazama?

"Usinionee huruma," akasema.

"Sikuonei. Nataka unitazame tena."

"Nikutazame nini?"

"Jumanne, saa tisa na nusu, kabla sijaenda shule. Ukae palepale. Uutazame mkono."

Akavuta kiatu cha pili. Nikajua hatakuja.

Budapest tulishika nafasi ya tisa. Mimi nilishinda michuano miwili, nikapoteza minne. Sitawadanganya, haikuwa sinema.

Jumanne ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Nilifanya hatua zangu mbele ya benchi tupu, najiona mwendawazimu.

Ya tatu alikuja. Alikaa na koti lake la baridi, hakulivua, kama mtu anayesubiri treni. Nikashambulia ukuta mara mia moja. Mkono, ndipo mguu. Alipoondoka akasema tu, "Bega lako limeshuka."

Ameendelea kuja. Sasa ni karibu miaka miwili. Juzi kwenye mazoezi nilisikia mguu wake mara nne katika kumi. Zamani ilikuwa kumi katika kumi. Huenda zile nne hazitatoka kamwe, sijui, na hakuna ninachoweza kufanya ila kuendelea kushambulia ukuta mbele yake.

Wanasema mwana hutazama kisogo cha nina. Nilipomzaa Boróka nilidhani methali hiyo imeanza kunihusu. Kumbe ilikuwa inanihusu miaka mingi kabla sijawa mama wa mtu yeyote.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, kama kuna jambo unalijua unalikosea na unasema utalinyoosha ukipata nafasi, wala sikukaripii, nami nilisema hivyohivyo. Ila kabla hujaliahirisha tena, geuka kwanza uangalie nani amekaa kwenye benchi.