Waziri wa Utalii na Baba Mkwe

Kanisani kwao Tensta, pembezoni mwa Stockholm, Baudouin aliitwa Waziri wa Utalii. Hakuteuliwa na mtu, cheo alijipa mwenyewe kwa kiherehere chake. Mgeni yeyote aliyefika kutoka Uvira, Bukavu au Oslo, awe mchungaji, awe shangazi wa mtu, alikabidhiwa Baudouin amtembeze Gamla Stan, ule mji wa kale ulio kisiwani katikati ya Stockholm, wenye jumba la mfalme na vichochoro vya mawe. Siku nyingine zote alikuwa dereva wa basi, Tensta hadi Spånga na kurudi. Siku ya wageni alivaa suti ya kijivu na viatu vya ncha, akatangulia hatua mbili mbele, akarudi kuwa yule mwalimu wa jiografia aliyekuwa Uvira, Kongo, kabla vita havijawatawanya.

Kazi hiyo aliijua, tusimnyime haki yake. Alijua walinzi wa mfalme hubadilishana zamu saa ngapi, na mgeni asimame upande gani ili jua lisimpige usoni. Alijua kichochoro chembamba kuliko vyote, ambacho upana wake haufiki hata mita moja, na hakukosa kusimulia jinsi Mama Paskalia wa kwaya alivyolazimika kupita ubavu. Alijua risasi ya mzinga iliyonasa kwenye ukuta wa nyumba moja pembeni mwa uwanja mkuu, na habari zake alizieleza kama mtu aliyekuwepo ilipopigwa.

Kwa hiyo Juni ya mwaka 2009, baba mkwe wake Papa Clovis alipopata viza ya kuja kumwona binti yake Josiane baada ya miaka kumi na mmoja, ungedhani Waziri angeruka kwa furaha. Hakuruka. Usiku wa kwanza baada ya habari hiyo hakupata hata usingizi.

Chanzo ni maneno yake mwenyewe. Siku ya kupeleka mahari, mwaka 1995, Baudouin alisimama mbele ya wazee wa pande mbili, amevaa tai ya kuazima, akatangaza kwamba binti yao hatapiga magoti kwenye sakafu ya mtu yeyote isipokuwa ya kanisa. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Wazee walipiga makofi, mama yake Josiane akapiga vigelegele, na Papa Clovis akatikisa kichwa taratibu, kama daktari anayesikia mgonjwa akiahidi kuacha pombe.

Na Josiane alifanya kazi gani Stockholm? Alikuwa msafishaji. Alisugua ngazi, vyoo na sakafu za maofisi na mikahawa, na hakuwa na haya nayo. Alizoeana na wenzake, mgongo ulimuuma Ijumaa ukapona Jumapili, na mkuu wake alimwamini kwa funguo za majengo sita. Aliyekuwa na haya ni mume wake. Kila Papa Clovis alipouliza kwenye simu, Baudouin aliharakisha kujibu kwamba Josiane yuko kwenye mambo ya hoteli. Josiane alimkanya mara mbili, ya tatu akamwacha. Njia ya mwongo ni fupi, lakini kati ya Tensta na Uvira palikuwa na bara zima, akadhani yake itatosha.

Papa Clovis alikuwa mwuguzi mkuu mstaafu, mtu wa miaka sabini na miwili, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hata akienda kulala. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, alimsalimu kila mtu. Kwao kumpita mtu bila kumsalimu ni kumtangazia kwamba mmekosana. Siku ya kwanza ndani ya treni ya chini ya ardhi alisimama katikati ya behewa, akavua kofia, akasema, "Jambo yenu." Wasweden ishirini wakazitazama simu zao.

"Papa, hapa hawasalimiani kwenye treni," Baudouin alimnong'oneza.

"Ni sheria?"

"Ni kama sheria."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lake la pili, kuheshimu sheria. Miaka arobaini hospitalini ilimfundisha kwamba mtu asiyefuata taratibu huua mgonjwa. Akafunga mdomo, akaketi. Tangu hapo Baudouin akawa anampa sheria za mji moja baada ya nyingine, na mzee anazipokea kama vidonge: kwenye ngazi za umeme simama kulia, usimguse mtoto wa mtu kichwani, usiseme kwa sauti ndani ya basi, usizungumze na mlinzi wa mfalme akiwa zamuni. Mzee hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu kama ni lazima, akatii.

Wiki mbili zilipita kwa kula. Nyumba moja ilimpokea leo, nyingine kesho, kwa maana mgeni mzee kwao ni wa kukalishwa na kulishwa, si wa kutembezwa juani. Baudouin alizibariki siku hizo. Mwishowe Papa Clovis mwenyewe akatoa kadi ya posta ambayo Josiane alimtumia zamani, yenye picha ya nyumba nyembamba nyekundu na njano zilizobanana uwanjani. "Nataka kusimama hapa," alisema.

Hakukuwa tena na kisingizio. Asubuhi hiyo Josiane alikuwa mlangoni anafunga viatu. Alisema, "Leo niko palepale kwa uwanja, kwa ule mukahawa wa pembeni, nashika nafasi ya mwenzangu Pélagie, anaumwa. Mukipita mutanikuta. Papa aone fasi natumika, aone kazi yangu."

"Tutaona," Baudouin alijibu.

Josiane alimtazama muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili mume kutazamwa asubuhi, akaondoka.

Siku ilianza vizuri. Walinzi walipiga muziki, farasi wakapita, Papa Clovis akasimama wima mikono mapajani hadi wa mwisho alipotoweka. Katika kanisa kuu alimtazama yule mtakatifu wa mbao juu ya farasi, akimchoma joka, akasema fundi aliyechonga meno yale alikuwa na subira. Kichochoro chembamba alikihesabu ngazi zote, thelathini na sita, na Baudouin alisahau kabisa kusimulia kisa cha Mama Paskalia. Nyuma ya kanisa la Wafini walikuta sanamu ya chuma ya mtoto aliyeketi, ndogo kama kiganja, watu wakiipapasa kichwa. Mzee aliinama akauliza kama huyu naye hasalimiwi. Baudouin alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema huyu anaruhusiwa.

"Jambo, kijana," Papa Clovis aliiambia sanamu, akafurahi.

Muda huo wote Baudouin alikuwa akitazama saa. Alijaribu ujanja wote: akampeleka gatini kuona boti, akamnunulia aiskrimu, akamwambia uwanja ni ule ule wa kwenye kadi, picha inatosha. Mzee alitoa kadi mfukoni kila mara, akangoja. Ilipofika saa saba unusu Baudouin alijipa moyo kwamba mkahawa una jikoni, na jikoni kuna masufuria, na Josiane bila shaka yuko ndani. Wakapanda kichochoro, wakatokea uwanjani.

Josiane hakuwa ndani. Alikuwa nje, kwenye ngazi za mawe za mkahawa, amepiga magoti juu ya kipande cha sponji, glavu za njano hadi kwenye viwiko, anabandua bazoka za kutafuna zilizokauka kwa kisu kipana. Ndoo ilikuwa pembeni yake. Watalii walimruka kama wanavyoruka dimbwi. Walikuwa hatua kumi na tano kutoka kwake, labda kumi na mbili.

Akainua kichwa, akawaona. Uso ukamwangaza. Si kwa mumewe. Kwa baba yake, aliyesimama kwenye jua kali na kofia yake katikati ya kadi ya posta. Akanyanyua mkono wenye glavu ya njano.

Baudouin alimshika Papa Clovis kiwiko, akamgeuza. "Papa, tazama kule juu, kwenye ule ukuta. Unaona ile duara nyeusi? Ni risasi ya mzinga." Akaendelea kusema, mfalme huyu, vita hivi, mwaka huu, majina yakimtoka bila mpangilio. Papa Clovis aliitazama risasi muda mrefu.

Baudouin alipoiba jicho nyuma, mkono wa njano ulikuwa umeshuka. Josiane alikuwa ameinama tena, anabandua.

Aibu haikumngoja afike nyumbani. Ilimkamata palepale kichochoroni, wakishuka kuelekea treni. Kwanza ilimjia ile aliyoizoea, ya mke wake kupiga magoti mbele ya baba yake aliyeahidiwa kinyume. Kisha ikaja nyingine iliyoifunika ya kwanza kabisa: alikuwa amemkana mke wake mchana kweupe, kwa kumwonyesha mtu ukuta. Alitamani kurudi. Miguu ilimpeleka mbele. Alijiambia kwamba angalau mzee hakuona, na mara tu alipojiambia hivyo alijidharau, kwa sababu ahueni aliyoipata ilikuwa ya kweli. Ndani ya treni Papa Clovis alikaa akiigeuzageuza kofia magotini. Baudouin akadhani amechoka.

Jioni jua la Juni lilikuwa bado limeshika madirisha. Josiane alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, walizoletewa kutoka Uvira. Alimwandalia baba yake kwa mikono miwili, akampa binti yao Heshima, wa miaka kumi na mmoja, na sahani ya Baudouin akaiweka mezani bila kumtazama aliyeketi nyuma yake. Hakuwa amesema neno lolote juu ya uwanja. Baudouin angependa amtukane.

Papa Clovis alinawa, akasali, akala matonge mawili. Kisha akageuka.

"Beau-fils, mukwe wangu, niko na swali. Ile sheria ya kukataza kusalimia mutu akiwa kwa kazi, ni ya serikali ao ni ya kampuni?"

"Sheria gani, Papa?"

"Ile ya leo, kwa uwanja. Nilimuona Josiane. Na wewe ulimuona, ukanigeuza kwa ukuta. Nikajua ni moja ya zile sheria zenu, kama ya treni, kama ya mulinzi. Nikafunga kinywa nisimuletee mwanangu matatizo na wakubwa wake."

Josiane aliacha kula. Baudouin akanywa maji. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana wa kutosha kupita basi lake. Angeweza kusema kweli. Watu watatu walimngoja.

"Ni ya kampuni, Papa," alisema.

Josiane alifumba macho, akayafumbua.

"Ni sheria mubaya," Papa Clovis alisema. "Lakini nimeitii." Akafuta vidole vyake kimoja kimoja, akainuka, akazunguka meza mpaka kwenye kiti cha binti yake. "Sasa kazi imeisha?"

"Imeisha, Papa."

"Basi jambo, mwanangu."

Josiane naye akainuka, kwa maana baba hasalimiwi kwa kuketi. "Jambo, Papa."

"Habari ya kazi?"

"Ni muzuri."

"Magoti je? Yale mawe ni ya baridi, hata wakati wa jua. Nilikuwa nayaangalia. Utafute sponji nene kuliko ile."

"Nitatafuta, Papa." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaendelea kumsalimu kama waliokutana njiani: habari ya wenzako, habari ya mgongo, mkubwa wako ni mtu mwema? Salamu yote aliyoizuia mchana aliitoa hapo, haikupungua neno. Baudouin aliketi mbele ya sahani yake, masikio yanamwaka moto.

Ndipo Heshima, aliyekuwa akiwatazama wote kwa zamu, aliposema kwa Kisweden, wala si kwa ukali, "*Det finns ingen sån regel.*"

"Mutoto amesema nini?" Papa Clovis aliuliza.

Kwa wiki mbili Baudouin alikuwa amemtafsiria mzee kila neno la mtoto huyu, hata habari za katuni. Alimtazama Josiane amsaidie. Josiane alimtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mutafsirie," alisema.

Baudouin aliweka mikono mezani, mikono ya mtu aliyewaelekeza wageni wa nchi saba, akaitazama.

"Anasema hakuna sheria kama hiyo, Papa. Na ni kweli. Haiko. Niliona haya, kwa ile niliyoahidi mbele yenu. Nikakugeuza."

Akainamisha kichwa, akingoja. Alingoja kukemewa, kuulizwa juu ya mahari, kuambiwa afunge mizigo ya mzee kesho. Chochote kati ya hivyo angekipokea kwa shukrani.

Papa Clovis alikuwa bado ameshika mkono wa binti yake, na uso wake ulikuwa unalegea taratibu, kama wa mtu anayekumbuka kwamba ameacha mgonjwa peke yake.

"Kumbe nilimupita mwanangu bure," alisema. Akamgeukia Josiane. "Ulinyanyua mukono. Niliuona. Nikaangalia ukuta."

"Papa, haukujua."

"Unisamehe, mwanangu," mzee alisema, na akaanza kuinama ili apige goti, yeye na miaka yake sabini na miwili, hadi Josiane akamdaka kwapani.

Baudouin alikuwa na neno lile lile la msamaha mdomoni. Alibaki ameketi nalo.