Kugonga Kokwa Kasingirima

Jiwe likigonga jiwe, mabega yangu hushuka yenyewe. Juzi mafundi wa jirani walikuwa wakipasua kokoto nyuma ya ukuta wangu, ko, ko, ko, na nyumba nzima ililalamika isipokuwa mimi. Mimi nilivuta kiti barazani nikatulia tuli. Naapa, hata harufu ya mawese niliisikia.

Sauti hiyo ni ya uani kwetu Kasingirima, Ujiji, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa na vita ikiwaka ng'ambo. Baba yangu alikuwa fundi wa injini za boti. Alikuwa amevuka kwenda Kalemie kumtengenezea mtu injini, kazi ndogo tu, vita ikamkuta huko huko. Hatukuwa na habari zake, za uzima wala za kifo.

Nilikuwa darasa la nne, na hofu iliniingia tumboni ikajenga kabisa. Chakula kilikataa kushuka. Darasani nilitafuna kola ya sare mpaka ikachakaa kama mswaki wa mti, na kila injini iliponguruma ziwani nilisimama kama niliyeitwa jina. Nyumbani nako alikuwepo Mama Furaha, binamu yake mama, aliyekimbia kutoka Uvira na mtoto mgongoni. Yeye na mumewe walipotezana njiani. Alishinda na redio sikioni. Kila taarifa ya habari alilia, nami nililia naye, hata mtangazaji alipokuwa akisoma matokeo ya mpira.

Mama alivumilia, kisha asubuhi moja aliichukua ile redio, akatoa betri, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Dada, unanikata masikio!" Mama Furaha alipiga kelele. "Roho yangu iko inakimbia!"

"Kama inakimbia, ipe kazi," mama alisema, akamwaga gunia la kokwa za mchikichi katikati ya uani.

Niwaeleze ninyi wa mbali. Kwetu tukishakamua mawese, kokwa hatuzitupi. Tunazianika zikauke, tunazipasua kwa mawe, ndani zinatoka mise, nazo zina mafuta yake. Unaishika kokwa kwa vidole viwili juu ya jiwe bapa, unaigonga ubavuni. Ukigonga kwa hasira, mise inasagika. Ukigonga kwa woga, kokwa inaruka hadi kwa jirani. Na ukigonga huku akili yako iko Kalemie, unagonga kidole. Sijaona kazi inayomrudisha mtu uani kwake upesi kama hiyo.

Mama alikuwa na sheria zake. Penye mawe ziwa halitajwi. Mwenye neno aseme anachokiona, kama ni kuku, kama ni wingu. Roho ikianza kukimbia, unaweka jiwe chini, unavuta pumzi, unaitoa polepole kama anayepoza uji. Hofu ilipewa wakati wake, alasiri. Hapo betri zilirudi redioni, tukasikiliza taarifa moja, kisha tukatembea wote hadi mwaloni, boti zinapofikia, kuwauliza waliowasili. Kulia kuliruhusiwa huko. Tukimaliza tulinawa uso kwa maji ya ziwa, tukarudi kupika migebuka, samaki wetu wa ziwa.

Mwanzoni nilijigonga sana. Halafu, sijui ilikuwa lini, nikaanza kusikia njaa. Hata Mama Furaha siku moja alimcheka jogoo aliyeteleza kwenye kokwa, kisha akajiziba mdomo kama aliyetukana.

"Cheka, ndugu yangu," mama alimwambia. "Kicheko chako hakimzidishii mumeo njia."

Asubuhi moja jirani aliingia mbio, kitambaa kimemvuka kichwani. "Mama Zaituni! Boti ya kutoka Kalemie imezama!"

"Nani ameona?"

"Wanasema."

"Basi na waseme alasiri," mama alijibu, akachukua kokwa nyingine.

Nilimchukia siku hiyo. Watu husema wasiwasi ndio akili, nami niliona mama yangu hana vyote viwili. Niligonga huku machozi yakidondokea jiwe, yeye akigonga kwa mwendo ule ule. Alasiri tulikuta mwaloni hakuna boti iliyozama. Magunia ya dagaa tu ndiyo yaliyotumbukia majini, na mwenye nayo akitukana mawimbi.

Baba alirudi majuma mengi baadaye, alasiri vilevile, tukiwa tumesimama pale pale. Alishuka amekonda, sanduku la spana begani. Nilimrukia. Mama hakukimbia. Baba ndiye aliyemwendea, akaushika mkono wake wa kushoto, mkono wa kushikia kokwa, akautazama kwa muda mrefu.

"Mama Zaituni," alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo umegonga namna hii?"

Hapo mama alilia mbele ya mwalo mzima. Mama Furaha alimkumbatia. Yeye wa kwake aliendelea kumsubiri, lakini alimsubiri akiwa anakula.

Mimi nilishangaa: mtu ametoka vitani halafu anakagua kucha! Miaka mingi baadaye nilikuwa mtu mzima, nimeketi kwenye benchi la hospitali nikisubiri habari za mwanangu, pumzi nikiitoa kama anayepoza uji, ndipo gumba lile la mama lilipoonekana tena machoni pangu. Lilikuwa jeusi, ukucha umepasuka, mwingine ukiota chini yake. Vidole vyangu na vya Mama Furaha vilikuwa vimepona zamani. Mama, aliyezaliwa michikichini, aliyeweza kupasua kokwa amefumba macho, alikuwa akijigonga kila siku hadi baba aliporudi.