Epiousios na Mbegu za Mama

Neno lenyewe ni la Kigiriki, epiousios. Limo katika Sala ya Bwana, pale tunapoomba mkate wetu wa kila siku, na nje ya sala hiyo karibu halionekani popote. Mwalimu mmoja wa kanisa la kale, aliyekifahamu Kigiriki tangu utotoni, alikiri kwamba watu wa kawaida hawakulitumia. Wapo wanaolitoa kwenye kitenzi cha kuja, wakasema ni mkate wa siku ijayo. Wengine wanalitoa kwenye neno la kuwapo, wakasema ni mkate wa kutosha kuishi. Wanabishana mpaka leo, na wote wameshiba.

Mimi nilikutana nalo kwenye misheni ya Mvumi, Ugogoni, enzi za Mwingereza, nikimsaidia mmisionari mmoja kutafsiri sala kwa Kigogo. Alinifundisha kusoma Kigiriki kidogo, nami nikavimba kichwa. Sikumjua Mgogo mwingine aliyeweza hivyo, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mama yangu, mjane, alikuwa peke yake kijijini kwetu Ipagala. Kwetu njaa ikikaza, mtu hufunga safari na punda wake kwenda kuhemea, kutafuta nafaka kwa ndugu na marafiki wa mbali. Sisi tulikuwa na rafiki wa marehemu baba, Msandawe wa upande wa Kondoa. Safari hiyo ni kazi ya mwana, na mwana nilikuwa mimi peke yangu. Jirani yetu akaja Mvumi kwa miguu kuniita.

"Mwalimu, mama anakusalimu. Unga umebaki wa siku chache. Anasema uje uende kuhemea."

"Mwambie anivumilie wiki moja. Tuna neno gumu hapa."

Alinitazama, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Wiki moja ikawa tatu. Leo nilitetea mkate wa kesho, kesho yake nikatetea wa leo. Kubishana na mzungu kama mtu wa rika langu kulikuwa kutamu mno.

Nilipokwenda hatimaye, nilikuta watu wamekaa nje ya tembe letu, nyumba yetu ya udongo. Walikuwa wamemzika jana yake. Ndani, juu ya meko, masuke ya uwele yalikuwa yananing'inia kwenye moshi, mbegu za mvua ijayo. Kwetu mbegu hailiwi. Mtu atachemsha majani, atachemsha hata ngozi, mbegu haigusi. Mama hakuwa amepukuchua hata suke moja. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia mwenyewe.

Pale msibani watu walimlaumu mmisionari. Walisema mzungu amenishikilia na makaratasi yake mpaka mama akafa. Niliinamisha kichwa, sikuwasahihisha, wala sikuwasahihisha miaka yote iliyofuata.

Ukweli ni kwamba siku ile jirani alipoondoka, mmisionari aliniuliza kaja na habari gani, nikamweleza. Akafunga kitabu.

"Nenda kesho alfajiri," akasema. "Chukua na punda wetu. Neno hili limesubiri karne nyingi, litakusubiri na wewe."

"Mama yangu amezoea njaa, Bwana," nikamjibu, nikakifungua kitabu pale tulipokuwa tumeishia.