Baraza la Stesheni

Treni iliacha kuja Nachingwea kabla sijazaliwa, lakini jengo la stesheni lilibaki, na baraza lake pana. Kila msimu wa korosho, mama yangu na wenzake kutoka Mnero walikaa kivulini pale, juu ya magunia yao, wakisubiri mizani. Mwaka jana wakubwa wakalibomoa jengo lile. Eti limechakaa! Limechakaa, na ukuta wake ulivunja mipini ya nyundo? Wakajenga ofisi ya vioo isiyo na hata upenu. Siku ya uzinduzi ndipo walipogundua hakuna kivuli. Wakakodi turubai, wakalifunga palepale lilipokuwa baraza, wakakaa wao. Sisi wakulima, juani, tukaambiwa tupige makofi. Mama hakupiga. Mikono yake yote miwili alikuwa anajikingia jua.